Fuata Unachokipenda Bila Kukichoka: Mwongozo Kamili

Daftari la arobaini na moja ndilo lililonishinda. Lilikuwa daftari la kawaida: karatasi zimeshakunjwa, matundu yameshatobolewa, uzi umeshapakwa nta. Nikaingiza sindano kwenye tundu la kwanza, nikaitoa kwenye la pili, kisha nikaiweka chini. Harufu ya gundi, ambayo miaka miwili nyuma ilikuwa inanivuta mezani kabla sijanawa uso, sasa ilinitia kichefuchefu. Nilijifunza kujalidi kwa kupenda tu. Watu wakasifu, wakaagiza, nikapokea kila oda, na jioni ile nikakaa natazama uzi unaning'inia nisijue nimekosea wapi.

Mwanzoni nilijiambia nimefanya kazi nyingi mno. Nilipokaa nikahesabu, saa zenyewe hazikuwa zimeongezeka sana. Kilichoongezeka ni madeni. Nilikuwa nimeidai kazi ile iniletee pesa, inipe jina, na juu ya hayo ithibitishe kwamba mimi ni mtu wa maana. Hakuna kitu kinachopendeka chini ya madai kama hayo. Hatua zifuatazo zimetokana na kosa hilo, pamoja na yale ambayo watafiti wameyachunguza kwa miaka hamsini hivi. Zifuate kwa mpangilio kama unaanza. Kama tayari umechoka, ruka moja kwa moja hadi hatua ya saba.

Hatua ya kwanza: chunguza kilichokwisha kuanza

Wengi huuliza, "Nitajuaje shauku yangu ni ipi?" kana kwamba imefichwa mahali inasubiri kuokotwa. Imani hiyo ina gharama. Mwaka 2018 wanasaikolojia Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walichapisha utafiti uliolinganisha watu wanaoamini kwamba mapenzi ya kitu mtu huwa nayo tayari na wale wanaoamini kwamba hukuzwa. Washiriki walitazama video ya kuvutia kuhusu elimu ya anga, kisha wakapewa makala ngumu ya mada hiyohiyo. Walioamini kwamba shauku huwa ipo tayari ndio waliopoteza hamu zaidi ugumu ulipoanza. Ukidhani shauku ya kweli haina jasho, jasho la kwanza litakufukuza.

Kwa hiyo usikae ukitafakari. Chukua kijidaftari cha mfukoni na kwa wiki mbili andika mambo ya aina tatu tu. Kwanza, chochote ulichofanya bila kuambiwa na bila kulipwa, hata kikiwa kidogo: umerekebisha bawaba ya mlango, umepanga picha, umesoma kuhusu ndege mpaka ukasahau saa. Pili, chochote ulichomweleza mtu kwa maneno mengi kuliko alivyouliza. Tatu, na hili watu huliona haya, kila mara ulipoona wivu. Wivu ni shahidi mkweli. Humwonei wivu kila aliyefanikiwa. Unamwonea yule anayefanya kitu ambacho nafsi yako inakitaka.

Baada ya wiki mbili utakuwa na orodha. Ipitishe kwenye majaribio mawili. La kwanza: ungeendelea kufanya kitu hiki kama usingeruhusiwa kumwambia mtu yeyote? Kuna tofauti kubwa kati ya kupenda kuimba na kupenda kuitwa mwimbaji. La pili naliamini kuliko yote: unaweza kuvumilia kazi yake ya punda? Kila kitu kizuri kina sehemu yake isiyo na utamu. Muziki una mazoezi ya sauti yaleyale kila siku, bustani ina magugu, kuandika kuna kusahihisha. Kujalidi ni kukunja karatasi, mamia ya karatasi, ukipitisha mfupa wa kukunjia juu ya kila mkunjo. Mimi kukunja karatasi hakukunichosha kamwe, na hiyo ndiyo iliyokuwa dalili yangu, wala si uzuri wa jalada.

Hatua ya pili: jaribu kwa gharama ndogo

Chagua vitu viwili, visizidi vitatu. Kila kimoja kipe wiki sita, mara mbili kwa wiki, dakika 45 kila mara. Azima vifaa au tumia vibovu. Nina sharti moja ambalo limeniokolea pesa nyingi: usinunue kifaa kizuri kabla hujafanya jambo lenyewe mara kumi. Kununua kunatoa raha inayofanana mno na raha ya kufanya, na wengi wetu tuna kabati lililojaa ushahidi.

Wiki sita zikiisha, amua. Kinachokufanya ujiulize maswali mapya kibaki. Kingine kiage bila hatia. Kuacha kitu ulichokijaribu si kushindwa, ndivyo jaribio lilivyokusudiwa.

Hatua ya tatu: hesabu muda, kisha hesabu nguvu

Wiki ina saa 168. Toa usingizi wa saa 8 kwa usiku, ambao ni saa 56. Toa kazi au masomo, safari, mapishi, usafi, watoto, wazee na ibada kama unayo. Kinachobaki kwa watu wengi ni saa nyingi kuliko walivyodhani. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa saa hizo hazilingani. Saa ya asubuhi akili ikiwa safi na saa ya usiku baada ya siku ya kugombezwa kazini zinaitwa saa zote mbili, lakini hazibebi mzigo uleule.

Chora jedwali la wiki na kila saa iliyo wazi ipe alama: nzima, nusu, au mfu. Saa nzima ni ile ambayo unaweza kujifunza jambo gumu. Saa nusu inafaa maandalizi: kunoa, kukata, kupanga, kusoma. Saa mfu ni ya kupumzika, usiiguse. Kosa la kawaida ni kuweka jambo tunalolipenda kwenye saa mfu, kwa sababu ndizo zilizobaki baada ya wengine wote kuchukua zao, kisha tukajilaumu kwamba hatuna nidhamu.

Ukishaona saa zako nzima, chukua nusu yake tu. Zikiwa nne, anza na mbili. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa kuuguza huenda ana dakika 20 mara tatu kwa wiki, na zinatosha kukiweka kitu hai. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo kuwa la kawaida, lakini kuna aliyechukua siku 18 na makadirio ya mwingine yalifika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa Jumanne, usifidie Jumatano kwa kufanya mara mbili. Endelea na Jumatano yako kama kawaida.

Hatua ya nne: zungumza na unaoishi nao

Hatua hii huachwa, nami nimeona imevunja mengi. William Herschel alikuwa mwanamuziki, mzaliwa wa Hannover, Ujerumani, aliyehamia Uingereza, akipiga kinanda cha kanisa na kufundisha muziki mjini Bath. Kufikia 1773, akiwa na miaka 30 na kitu, alikuwa ameshikwa na nyota, akawa anajitengenezea darubini nyumbani. Dada yake Caroline alisimulia kwamba safari moja, alipokuwa anasugua kioo cha darubini, hakuondoa mikono yake kwa saa 16, ikabidi dada amlishe tonge kwa tonge ili asife njaa.

Kisa hicho husimuliwa kama sifa ya bidii. Mimi humtazama Caroline. Alikuwa anajifunza uimbaji, na kazi ya kaka yake ilikula mazoezi yake. Baadaye naye alikuwa mwanaastronomia kamili, akagundua nyotamkia yake ya kwanza mwaka 1786 na kulipwa mshahara wa kazi hiyo, lakini ile njia ya kuimba ilifungwa. Shauku ya mtu mmoja mara nyingi inalipiwa na mwingine aliye jikoni.

Kaa na mwenzi wako, wazazi au unaoishi nao, uwaambie saa ngapi, siku gani, mpaka saa ngapi, na wewe utabeba nini badala yake. Waulize nao wanataka saa zipi. Makubaliano yenye mwisho unaojulikana hayazui kinyongo. "Nakuja sasa hivi" ya kila siku ndiyo inayozua.

Hatua ya tano: kikao kiwe na mlango wa kuingilia na wa kutokea

Kufungua kikao kuwe rahisi. Vifaa vikae mahali pamoja, na ikiwezekana kazi ya jana iwe wazi mezani. Dakika tano za kwanza fanya kitu usichoweza kukosea. Mimi hupaka uzi nta: nauvuta juu ya donge mara tatu, unaanza kukwama kidogo kidoleni, na kufikia hapo kelele za kazini zimeshatulia. Kisha chagua jambo moja tu la siku hiyo, na uliseme kwa kitenzi. "Leo nashona mafungu manne" ni kazi. "Leo najiendeleza" si kazi, ni deni.

Kufunga ndiko kugumu. Weka saa ilie, na ikilia, simama hata kama mkono umekolea. Hasa kama umekolea. Ukiacha ukiwa bado na hamu, kesho utarudi mwenyewe. Ukiacha umekamuka, kesho utahitaji kujiburuta. Kabla hujaondoka andika mstari mmoja wa pa kuanzia kesho. Sindano yangu huibakiza ndani ya tundu linalofuata.

Najua wapo watakaosema mabingwa hawafanyi hivi. Hebu tuwatazame. Mwaka 1993 Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wa wapiga fidla wa chuo cha muziki mjini Berlin. Waliokuwa bora walifanya mazoezi ya peke yao kwa takribani saa tatu na nusu kwa siku, wakiyagawa katika vipindi vyenye mapumziko, na walilala zaidi kuliko wale wa daraja la chini, pamoja na usingizi wa mchana. Hao ni watu ambao fidla ndiyo kazi yao. Wewe unayetoka kazini jioni na kujidai saa nne nyingine hufanyi kama bingwa, unafanya zaidi yake kwa mwili uliochoka. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Hatua ya sita: chelewesha pesa, watazamaji na jina

Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walifanya jaribio na watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nakshi kama watachora. Wengine walichora, kisha wakapewa cheti hichohicho bila kutarajia. Wengine hawakupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye kalamu zilipowekwa tena darasani, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa muda ulio kama nusu tu ya wenzao. Angalia vizuri: waliopewa cheti bila ahadi hawakupoteza hamu. Zawadi yenyewe haikuwadhuru. Kilichowadhuru ni mapatano.

Hicho ndicho kilichotokea mezani kwangu. Daftari la kwanza nililompa rafiki, naye akanilipa kwa hiari, lilinifurahisha wiki nzima. Daftari la ishirini, lililokuwa na tarehe, rangi iliyochaguliwa na mtu mwingine na ujumbe wa "vipi, bado tu?", lilikuwa kazi ya pili niliyojiajiri bila mkataba wala likizo.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza usiuze. Najua kuna mtu ambaye pesa hiyo anaihitaji kweli, na huyo simzuii. Lakini aihesabu kama kazi ya ziada, aipangie saa na bei ya kazi, na atenge sehemu ya sanaa hiyo ambayo haitauzwa kamwe. Mpishi wa kuuza awe na chungu chake asichokiwekea bei. Mpiga picha za harusi awe na picha ambazo hataonyesha mteja.

Oda ikija, jiulize: ningeifanya hata bila malipo? Nina saa nzima za kuifanya, si saa mfu? Nikiichelewesha mwezi mmoja, uhusiano wetu utabaki? Likipatikana "hapana" moja, kataa, na ukatae kwa sentensi fupi. Hii ninayo tayari kwenye simu: "Asante sana kwa kuniamini. Kwa sasa natengeneza moja tu kwa mwezi na ya mwezi huu nimeshaianza. Nikipata nafasi nitakutafuta mimi mwenyewe." Usiongeze sababu. Kila sababu unayoitoa ni mlango ambao mtu atabisha tena.

Mitandao ya kijamii ni oda pia, ingawa hailipi. Anayechora huku anawaza picha itakavyopokelewa ameshaalika wateja mia chumbani mwake. Maliza kwanza, kaa nayo siku kadhaa, kisha onyesha ukitaka.

Hatua ya saba: zijue dalili, na ujue la kufanya ukishachoka

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu uchovu wa kupindukia alioushuhudia kwenye kliniki ya bure, kwa wafanyakazi na watu wa kujitolea, akiwemo yeye mwenyewe. Si wavivu waliokuwa wanazimika. Ni wale waliokuja na moyo wote. Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, linauweka uchovu huu kama hali inayotokana na kazi, si ugonjwa, na linataja alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kwa moyo au kuanza kuikejeli, na kujiona hufanyi vizuri tena. WHO inazungumzia kazi ya ajira, lakini alama hizo nimeziona waziwazi kwenye mambo ya kupenda pia.

Ya pili ichunge zaidi. Ukijisikia unawacheka wanaoanza, au unasema "hivi vitu vyenyewe havina maana" kuhusu jambo ulilokuwa unaliota, simama hapo. Uchovu wa kawaida huondoka ukilala vizuri siku mbili tatu. Huu hubaki.

Robert Vallerand na wenzake, mwaka 2003, walitenganisha shauku za namna mbili: ile inayokaa kwa amani na mambo mengine ya maisha, na ile inayomtawala mwenyewe. Kipimo changu cha nyumbani ni hiki: ukizuiwa leo, unajisikiaje? Ukisikitika kidogo kisha ukaendelea na siku yako, uko salama. Ukiwa na hasira kwa kila aliye karibu, au ukafanya hata ukiwa na homa, kitu kimeshika usukani.

Ukishafika huko, fanya hivi. Rudisha au ahirisha kila ahadi uliyotoa, kwa ujumbe mmoja wa kweli, na pesa uliyopokea irudi. Kisha wiki nne usizalishe chochote. Kupumzika huku hakumaanishi kulala na simu mkononi. Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, katika kazi yao ya 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: akili kutoka kabisa kazini, mwili kutulia, kujifunza kitu kingine, na kuwa na mamlaka juu ya muda wako. La tatu hushangaza watu, lakini ni kweli. Mimi niliponea kwa kujifunza kuogelea vibaya.

Baada ya hapo rudi kwa kupitia mlango mdogo. Usirudi pale ulipoachia. Rudi kwenye kile kipande ulichokipenda kwanza, dakika 15, bila kukamilisha kitu. Mimi nilikunja karatasi wiki tatu mfululizo, nikaziacha zikirundikana.

Angalia mambo mawili zaidi. Huenda kinachokuchosha ni ajira yako, na jambo unalolipenda linalaumiwa kwa kuwa ndilo lililo karibu. Hapo kulikata hakutakusaidia. Na kama ladha imetoka katika kila kitu, chakula, marafiki, usingizi, kwa wiki mbili au zaidi, hilo si suala la ratiba tena. Mwone daktari au mtaalamu wa afya ya akili, na kama mawazo ya kujidhuru yanakujia, usingoje hata siku moja.

Hatua ya nane: kuacha kazi au kutoacha

Kwa ufupi: si mapema. Herschel aliigundua sayari ya Uranus tarehe 13 Machi 1781 akiwa bado mwalimu wa muziki, na aliacha muziki mwaka uliofuata tu, Mfalme George wa Tatu alipompa pauni 200 kwa mwaka. Miaka yote ile mshahara wa muziki ulimpa uhuru wa kutazama nyota alizotaka. Ajira inayolipa kodi ya nyumba inaiondolea shauku yako deni kubwa kuliko yote.

Ukitaka kuondoka kweli, ishi kwanza mwaka mzima kwa ratiba ya mtu aliyeondoka, kwa kadiri kazi inavyoruhusu: hesabu za mapato, wateja wagumu, miezi mikavu. Weka akiba ya angalau miezi sita ya matumizi. Kisha jiulize swali nililokuwa sikujiuliza: nikishaigeuza kuwa kazi, nitakwenda wapi kupumzika nayo? Kama huna jibu, tafuta kwanza jambo la pili la kupenda, hata liwe dogo.

Mwenye lile daftari la arobaini na moja nilimrudishia pesa yake, akaelewa. Nililimalizia miezi minane baadaye, Jumamosi moja asubuhi. Mshono wake mmoja umekaa mshazari kidogo karibu na tundu la pili, pale sindano ilipolala muda wote ule, nami nimeuacha hivyohivyo. Sasa ndani yake naandika saa zangu nzima za kila wiki. Wiki hii ni tatu.